Majibu ya kipimo cha mlango wa kizazi yalionyesha mabadiliko: mwaka wangu mmoja, kuanzia karatasi ya kwanza hadi kipimo cha marejeo

Mleta mada

Ndugu zangu, naomba mnivumilie niandike kwa urefu. Mwaka jana, usiku wa kwanza baada ya kupokea majibu yangu, nilitafuta maandishi ya mwanamke yeyote aliyepitia jambo hili hadi mwisho wake. Nilikuta wengi wamesimulia siku ya kupewa karatasi, wakafarijiwa, kisha wakanyamaza, nisijue kama walitibiwa, kama waliogopa kurudi kliniki, au kama walichoka tu kusimulia. Juzi nimepata majibu ya kipimo cha marejeo, miezi 12 baada ya matibabu, nami naona nina deni kwa yule atakayekuwa anatafuta usiku wa leo.

Nina umri wa miaka 38, nimeolewa kwa miaka 11 na nina watoto wawili. Nilikwenda kupimwa nikiwa sina maumivu, sina uchafu usio wa kawaida, wala sitokwi na damu nje ya siku zangu. Muuguzi alichukua sampuli kwa kijiburashi laini, kazi ya dakika chache, nami nikarudi kazini. Baada ya siku 18 niliitwa nikapewa karatasi yenye mistari miwili ya maana: wa kwanza ulisema kwamba virusi vya HPV vya hatari kubwa, yaani vile vinavyoweza kuleta saratani ya mlango wa kizazi, vimeonekana, na wa pili ukasema kwamba seli zina mabadiliko ya daraja la juu. Aliyenikabidhi alikuwa na foleni ndefu mbele yake. Aliniambia nitapangiwa kolposkopi, yaani kutazamwa mlango wa kizazi kwa darubini, baada ya wiki tatu, akamwita anayefuata.

Hapo ndipo palipozaliwa mateso yangu makubwa, na nayaeleza kwa kuwa naamini si yangu peke yangu. Nilisoma "daraja la juu" nikaelewa kwamba ni hatua ya juu ya saratani. Kwa wiki tatu nzima niliishi kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Nilihesabu umri watakaokuwa nao watoto wangu baada ya mwaka mmoja, baada ya miwili. Niliikunja ile karatasi mara nne nikaitia katika mfuko wa simu, nikawa naitoa na kuirudisha, hata siku nilipofika kwa daktari mkunjo ulikuwa umechanika na neno "juu" lilikuwa karibu kufutika.

Daktari aliigeuza karatasi hiyo hiyo, akachora upande wa nyuma. Alichora mstari mmoja chini, akasema huo ni utando mwembamba unaobeba ngozi ya mlango wa kizazi. Juu yake akapanga viduara vingi, safu juu ya safu, akasema hizo ni seli. Kisha akaanza kuvipaka wino kutokea chini. Alipofika theluthi moja alisema haya ndiyo mabadiliko yanayoitwa CIN1. Alipofika theluthi mbili, CIN2. Alipokaribia kujaza unene wote, CIN3. Mwishowe akaweka ncha ya kalamu juu ya ule mstari wa chini na kuniambia kwamba saratani ni pale seli hizo zinapouvuka utando na kushuka chini yake, na kwamba hata unene wote ukiwa umejaa wino, maadamu mstari haujavukwa, jambo hilo bado linaitwa mabadiliko ya awali na linatibika kabla halijawa saratani. Nilimuuliza mara tatu. Mara zote tatu alirudisha kalamu pale pale kwenye mstari.

Sasa niseme la ndoa, maana najua ndilo linalowafunga wengi midomo. Mume wangu aliposoma neno HPV na kujua kwamba virusi hivyo huambukizwa kwa kujamiiana, aliniuliza kwa sauti ya chini, "Hii umeitoa wapi?" Swali hilo hilo nami nilikuwa nalo juu yake tangu mchana. Tulilala tumepeana migongo usiku nne. Hatukugombana, na pengine lingekuwa jambo jepesi zaidi kama tungegombana. Alikubali kunisindikiza siku ya kolposkopi, na daktari alipomaliza na mchoro wake nilikusanya ujasiri nikamwuliza mbele ya mume wangu virusi hivi vimetoka wapi na lini. Alitujibu sote wawili kwamba kipimo kinaonyesha kuwa virusi vipo leo, lakini hakiwezi kuonyesha viliingia mwaka gani wala kwa nani. Kwamba watu wengi sana walioanza kujamiiana hupata aina moja au nyingine ya HPV katika maisha yao, mara nyingi miaka ya mwanzo. Na kwamba virusi vinaweza kukaa kimya miaka mingi bila kuonekana katika kipimo, kisha vikaonekana. Mtu aliyeolewa miaka 11 na hajatoka nje ya ndoa yake anaweza kupata majibu kama yangu, na mwenzake naye awe hajatoka. Tulipoondoka pale mume wangu aliuchukua mkoba wangu bila kusema neno, akaubeba hadi nyumbani.

Kolposkopi yenyewe ilikuwa nyepesi kuliko nilivyoiwaza. Unalala kama ulivyolala siku ya kipimo cha kwanza, kifaa cha kupanulia kinaingizwa, na daktari anatazama mlango wa kizazi kwa darubini inayobaki nje ya mwili. Alipaka siki iliyochujuliwa, ikachonyota kidogo, kisha tukasubiri kama dakika moja. Kulikuwa na skrini pembeni, akaniuliza kama ningependa kuona. Niliona duara la rangi ya waridi, na upande wa juu kipande kilichogeuka cheupe chenye kingo za wazi. Hapo alikata kinyama kidogo kwa ajili ya maabara, na nilihisi kama mfinyo wa ghafla wa tumbo la hedhi. Kinyama kilirudi na jibu la CIN3, nikapangiwa kuondolewa sehemu hiyo kwa waya mwembamba unaopitishwa umeme.

Siku ya matibabu nilichomwa ganzi, na moyo ukaanza kunienda mbio na miguu kutetemeka. Niliogopa sana, lakini muuguzi alinieleza kwamba ni dawa iliyochanganywa na ganzi ili kupunguza damu, na kweli mtetemeko ulikwisha baada ya dakika chache. Ukataji wenyewe haukufika hata robo saa. Wiki za kufuata nilitokwa na majimaji yenye rangi ya kahawia iliyokoza, mara nyingine kama chembechembe nyeusi, nami nilikuwa nimekwisha kuambiwa kwamba ni dawa ya kukausha kidonda. Siku ya 11 damu iliongezeka kidogo, ikakoma yenyewe. Niliagizwa kukaa wiki nne bila kujamiiana na bila kuingiza kitu chochote ukeni, na kurudi haraka endapo ningepata homa, harufu mbaya au damu ya kulowesha pedi kwa saa moja.

Maabara ilisema kingo za kipande kilichokatwa hazina seli zilizobadilika. Na juzi, baada ya miezi 12, kipimo cha marejeo hakikuonyesha HPV. Nitaendelea kupimwa kama nilivyopangiwa, kwa kuwa mtu aliyewahi kutibiwa CIN3 hufuatiliwa kwa miaka mingi. Aliye na swali aulize, nitajibu ninalolijua, na wataalamu walioko humu wanisahihishe.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, pole kwa uliyopitia na hongera kwa kurudi. Mimi ni muuguzi, na nimefanya kazi ya uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa miaka kadhaa. Mchoro uliochorewa ndio hasa ambao kila mwanamke angepaswa kuchorewa siku ile ile anapopewa majibu. Nitaongeza mambo machache.

HPV si kirusi kimoja. Ni familia ya aina zaidi ya 200, na zinazohusishwa na saratani ni chache, kama 12 hadi 14. Kati ya hizo, aina ya 16 na ya 18 peke yake husababisha takriban asilimia 70 ya saratani za mlango wa kizazi. Masundosundo ya sehemu za siri husababishwa na aina nyingine, hasa ya 6 na ya 11, ambazo hazileti saratani hii, hivyo kuwa na masundosundo si ishara kwamba saratani inakuja, na kutokuwa nayo si ishara ya usalama. Uhusiano kati ya virusi hivi na saratani ulifichuliwa na mwanasayansi wa Ujerumani, Harald zur Hausen, ambaye kundi lake lilitambua aina ya 16 mwaka 1983 na ya 18 mwaka uliofuata, naye akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Nayataja haya kwa sababu nakutana na wagonjwa wanaodhani HPV ni jambo lililozuka jana, au wanaichanganya na VVU kwa kuwa herufi zake za Kiingereza, HIV, zinafanana na HPV. Ni virusi viwili tofauti kabisa. Mwanamke mmoja alikaa miezi miwili akiamini kwamba nimempa majibu ya VVU, na mimi ndiye niliyekosa kumweleza vizuri.

Jambo la pili ni muda. Kwa watu wengi, takriban tisa kati ya kumi, kinga ya mwili huidhibiti HPV ndani ya mwaka mmoja hadi miwili bila dawa yoyote. Pale inapong'ang'ania, safari ya kutoka maambukizi hadi saratani huchukua kwa kawaida miaka 15 hadi 20 kwa mwanamke mwenye kinga nzuri. Kwa hiyo wiki tatu za kusubiri kolposkopi, ingawa moyoni ni ndefu mno, kwa seli zenyewe si kitu, isipokuwa kama una dalili. Mwenye kutokwa na damu baada ya kujamiiana, au damu baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya usiokoma, asisubiri tarehe; aende mapema na aseme dalili hizo wazi.

Lakini muda huo usigeuzwe kuwa sababu ya kutorudi. Kule Auckland, New Zealand, kati ya miaka ya 1960 na 1970, kulikuwa na wanawake waliokutwa na mabadiliko kama yako wakaachwa wakitazamwa tu bila tiba kamili na bila kuambiwa, na jambo hilo lilikuja kuundiwa tume ya uchunguzi mwaka 1987. Walipofuatiliwa rekodi zao, ilionekana kwamba kati ya wenye CIN3 ambao hawakutibiwa ipasavyo, karibu 31 katika kila 100 walipata saratani ndani ya miaka 30. Kwa waliotibiwa ipasavyo, haikufika hata mmoja katika kila 100. Kila ninapomtafuta mgonjwa kwa simu mara ya tatu kwa sababu hakuja siku ya miadi, ni hesabu hiyo ninayokuwa nayo kichwani.

Mchangiaji wa pili

Nashukuru kwa uzi huu, dada. Hali yangu ni tofauti kidogo na pengine ndiyo maana inanichanganya. Nina miaka 32. Mimi nina HPV ya hatari kubwa, lakini seli zina mabadiliko ya daraja la chini, na kolposkopi ilitoa CIN1. Nimeambiwa nirudi baada ya mwaka mmoja. Sikupewa kidonge wala sindano. Natembea na kitu ambacho nimeambiwa ni cha hatari kubwa, halafu naambiwa nisubiri. Kila nikihisi tumbo linauma nadhani kimeanza. Nimeshindwa hata kumkaribia mume wangu kwa sababu nadhani namwongezea. Mwenzangu uliwezaje?

Mleta mada

Mdogo wangu, nitakujibu kwa ukweli: kama ningekuwa na hali yako, nadhani ningeteseka zaidi ya nilivyoteseka, kwa sababu mimi nilipewa kitu cha kufanyiwa na wewe umepewa kalenda. Anayekwenda kukatwa anajua ni lini jambo litakwisha.

Kilichonisaidia katika ile miezi 12 ya kungoja kipimo cha marejeo kilikuwa ni kuuliza swali ambalo sikuliuliza mwanzoni: kwa nini mnaningojesha? Nilifikiri kungoja ni kusahauliwa. Katika hali yako, mabadiliko mengi ya CIN1 hurudi yenyewe kuwa ya kawaida kadiri mwili unavyovidhibiti virusi, na kukata kitu ambacho kingepona chenyewe ni kumtia mtu kidonda bure, tena kidonda katika sehemu ambayo huenda siku moja itahitajika kubeba mimba. Muulize daktari wako maneno hayo hayo, akujibu kwa mdomo wake, na uyaandike. Muulize pia mambo gani yakitokea kabla ya mwaka kuisha yatakufanya urudi mapema. Mimi niliyaandika nyuma ya ule mchoro, na maumivu ya kawaida ya tumbo hayakuwa miongoni mwake.

Kuhusu hofu, mimi niliifanyia jambo moja ambalo naona aibu kidogo kulisema, lakini lilinifaa. Nilijiruhusu kulifikiria jambo hili Jumapili jioni peke yake. Siku nyingine likija nililiambia litangoje Jumapili. Wiki za kwanza halikusikia. Kufikia mwezi wa tatu kuna Jumapili nilisahau.

Na mume wako, mweleze. Tayari ameona kwamba unamkimbia, na akikosa sababu ya kweli atajitungia yake.

Mchangiaji wa kwanza

Naunga mkono, na nijibu lile la "namwongezea". Kama mmekuwa pamoja kwa muda, kuna uwezekano mkubwa kwamba mwenzako amekwisha kukutana na aina hiyo hiyo ya virusi, kwa hiyo kumkimbia mwaka mzima hakumkingi na chochote cha maana. Mabadiliko haya hayakatazi kujamiiana, isipokuwa zile wiki chache baada ya kukatwa kinyama au kutibiwa. Kondomu hupunguza maambukizi ya HPV ingawa haiyazuii yote, kwa kuwa virusi hupita pia katika ngozi isiyofunikwa.

Ukiniuliza ni nini kilicho mikononi mwako wakati unasubiri, kwanza ni sigara: anayevuta aache, maana uvutaji huusaidia ugonjwa huu kung'ang'ania. Pili ni kujua hali yako ya VVU. Tatu ni kuilinda tarehe. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kinachoua HPV, na atakayekuuzia atakuwa anakuuzia hofu yako mwenyewe.

Mchangiaji wa tatu

Samahani kwa kuingilia, lakini mimi nilielekezwa dawa ya kuweka ukeni, ya kusafisha kizazi na kuvuta uchafu wote nje, na aliyenielekeza anasema wapo waliopona kwayo. Je, si bora mtu ajaribu hiyo kwanza kabla ya kukubali kukatwa?

Mleta mada

Mpendwa, tafadhali usijaribu. Hata mimi niliipelekewa dawa ya namna hiyo katika zile wiki tatu, na aliyeniletea ni mtu anipendaye. Niliishika mkononi usiku mmoja kwa muda mrefu. Sikuitumia, na hapa sijisifu kwa ujasiri. Niliogopa tu kwamba daktari angeona.

Mchangiaji wa kwanza

Daktari angeona kweli. Nimewahi kupokea mwanamke mwenye ukuta wa uke uliochubuka na kuungua kwa dawa za aina hiyo, na ilitubidi tuahirishe uchunguzi wiki kadhaa hadi apone, kwa sababu mlango wa kizazi uliojaa kidonda hausomeki. Kile kinachotoka na kuonekana kama "uchafu" mara nyingi ni ngozi yenyewe inayobanduka. Na kuhusu wale waliopona: kumbukeni nilivyosema kwamba wengi huidhibiti HPV kwa kinga yao wenyewe. Aliyeweka dawa akapona, angepona hata kama asingeweka. Hasara anaipata yule mwenye CIN3, anayepoteza mwaka mzima wa thamani huku akiamini kwamba anatibiwa.

Niseme pia kwamba si kila mtu hukatwa. Yapo mabadiliko yanayotibiwa kwa tiba mgando, yaani kugandisha sehemu iliyobadilika kwa gesi yenye baridi kali, au kwa kifaa chenye joto kinachogusishwa hapo kwa chini ya dakika moja. Uchaguzi unategemea ukubwa wa eneo, mahali lilipo na kama daktari anaweza kuliona lote.

Mchangiaji wa nne

Mimi ni mwanaume na nimesita sana kabla ya kuandika. Mke wangu amepata majibu kama ya mleta mada. Nilimwambia maneno mabaya siku ile, ambayo sasa, baada ya kusoma aliyosema daktari wenu, natamani ningeyameza. Swali langu: je, nami nipimwe wapi? Nataka kujua kama ninavyo.

Mchangiaji wa kwanza

Kaka, swali lako ni zuri na jibu lake litakukatisha tamaa kidogo. Hakuna kipimo cha kawaida kilichokubaliwa cha kumpima mwanaume asiye na dalili kama ana HPV. Kwa wanaume wengi virusi hudhibitiwa bila wao kujua. Nenda hospitali endapo utaona kiotea, kidonda kisichopona au uvimbe sehemu za siri, au kidonda cha koo kisichoisha, kwa kuwa HPV inaweza pia, ingawa kwa nadra zaidi, kuleta saratani ya uume, ya njia ya haja kubwa na ya koo. Zaidi ya hapo, kipimo anachokihitaji mke wako kutoka kwako ni wewe kuwapo siku ya kolposkopi.

Mleta mada

Kaka yangu, nami niongeze. Mume wangu hakuwahi kuniomba radhi kwa lile swali lake, nami sikumwomba kwa langu. Lakini wewe umekwisha kuandika hapa kwamba unatamani ungeyameza. Mwambie yeye, kwa maneno hayo hayo, kabla ya siku ya kliniki. Akiwa amelala kwenye kile kitanda atakuwa na mengi ya kuogopa, na hili utakuwa umempunguzia.

Mchangiaji wa tano

Naishi na VVU, natumia dawa vizuri na virusi vyangu havionekani katika kipimo. Nimekutwa na HPV. Ninaposoma kwamba kinga huidhibiti yenyewe, najiuliza kama maneno hayo yananihusu.

Mchangiaji wa kwanza

Yanakuhusu kwa sehemu, dada, na nitakupa picha kamili. Mwanamke anayeishi na VVU ana uwezekano wa kupata saratani ya mlango wa kizazi mara sita zaidi ya asiye na VVU, na pale kinga ilipodhoofika bila tiba, safari niliyosema ya miaka 15 hadi 20 inaweza kufupika hadi miaka 5 hadi 10. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unashauri wenye VVU waanze kupimwa HPV wakiwa na miaka 25, na warudie kila miaka 3 hadi 5, wakati wengine huanza wakiwa na miaka 30 na kurudia kila miaka 5 hadi 10. Kutumia dawa zako vizuri kunaipa kinga yako nguvu, na hilo tayari unalifanya. Lililobaki ni kwamba wewe usikubali kuambiwa "rudi utakapoona dalili". Uwe na tarehe iliyoandikwa.

Mchangiaji wa sita

Nina binti wa miaka 12 na mimi mwenyewe nilitibiwa CIN2 miaka mitatu iliyopita. Je, chanjo ya HPV ingemfaa binti yangu, na je, mimi ingenitibu? Pia nina mpango wa kubeba mimba nyingine.

Mchangiaji wa kwanza

Kwa binti, ndiyo, na umri wake ni mwafaka kabisa, kwa kuwa chanjo hufanya kazi vizuri zaidi inapotangulia maambukizi. Imekuwapo tangu mwaka 2006, na tangu Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali kwamba hata dozi moja inaweza kutumika kwa wenye miaka 9 hadi 20. Wenye kinga iliyodhoofika huhitaji zaidi ya dozi moja. Akichanjwa, bado atapaswa kupimwa atakapokuwa mtu mzima. Kwako, chanjo haiondoi maambukizi yaliyopo wala haitibu mabadiliko yaliyokwisha kutokea, ingawa inaweza kukukinga na aina ambazo hujakutana nazo. Zungumza na daktari wako.

Kuhusu mimba, wengi waliotibiwa hubeba na kujifungua salama. Ukiwa ulikatwa kwa waya, hasa kama kipande kilikuwa kirefu au ulikatwa zaidi ya mara moja, uwezekano wa kujifungua kabla ya wakati huongezeka kiasi, kwa hiyo mtajie mkunga jambo hilo katika hudhurio la kwanza kabisa, hata asipokuuliza.

Mchangiaji wa pili

Nimerudi. Leo nimepiga simu kliniki nikauliza lile swali: kwa nini mnaningojesha? Muuguzi aliyepokea alinijibu kwa utaratibu, karibu na maneno ya hapa, na akanitajia mambo matatu ya kunirudisha mapema. Nimeyaandika. Mume wangu nimemwonyesha uzi huu wote, akausoma kimya, kisha akaniuliza tarehe yangu ni lini, akaiingiza katika simu yake. Sijui kama nitaweza kusubiri mpaka Jumapili kila mara, lakini leo nimepika nikiwa sifikirii chochote, na nimegundua hilo baada ya kumaliza kula.

Mleta mada

Nimefurahi sana, mdogo wangu. Nami nimeandika tarehe yako chini ya yangu. Siku hiyo ukitoka kliniki, hata kama majibu yatakuwa hayajatoka, hata kama ni mstari mmoja, rudi uandike hapa hapa.